NAMBARI MBILI SI ADHABU

Mpendwa, unadharau nafasi yako kwa sababu jina lako halisomwi kwanza? Hebu angalia mchezo wa upanga katika vyuo vikuu vya Marekani.

Huko kocha msaidizi huvaa koti nene, husimama mbele ya mwanafunzi mmoja mmoja na kukubali kuchomwa tena na tena, mpaka mkono wa kijana uzoee. Kamera zikija, zinamtafuta kocha mkuu.

Lakini hesabu ya ubingwa wa NCAA haijui cheo. Chuo hupeleka wachezaji wasiozidi 12, wanaume kwa wanawake, na kila pambano mmoja wao analoshinda huleta pointi moja. Ushindi wa yule mnyonge uliyemfundisha pembeni una uzito sawa na wa nyota.

Gia Kvaratskhelia alikuwa msaidizi pale Notre Dame. Mwaka 2014 akapewa timu. Ikachukua ubingwa 2017, 2018, 2021, 2022 na 2023. Kazi hakujifunza siku aliyopewa cheo!

Ila niseme ukweli: wasaidizi wengi hawapandishwi kamwe. Kwa hivyo usitumike ukikodolea macho kiti cha mwenzako. Na wewe uliye mkuu, acha kumhubiria msaidizi wako subira huku ukibeba sifa zake. Mtaje mbele ya watu. Mlipe haki yake.

Leo, mfundishe vizuri yule aliye mbele yako. Pointi yake inahesabiwa.

Ubarikiwe.