Mafua Yasidharauliwe Bwenini

Kila ufikapo mwezi wa Juni, baridi ya Umatengo huingia mabwenini mwetu, na mafua huifuata. Kwa wengi wetu mafua ni usumbufu wa juma moja tu. Kwa hiyo mwenzetu akilalamika kwamba kifua kinamuuma, twamcheka na kumwambia asijidekeze. Naona mazoea haya ni ya hatari, na yafaa tuyaache, maana huenda miongoni mwetu wamo wenye ugonjwa wa selimundu.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hurithiwa kwa baba na mama. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba chake kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kimeenea sana katika nchi zenye malaria nyingi, na pwani yetu ya Ziwa Nyasa nayo ni nchi ya malaria. Lakini wazazi wawili wenye kinasaba hicho wakizaa, kila mtoto ana bahati moja katika nne ya kuwa mgonjwa.

Sasa tazameni mafua yanavyomdhuru. Virusi vikishambulia njia za hewa, njia hizo huvimba na kujaa makohozi, na hewa haifiki vema mapafuni. Damu hupungukiwa oksijeni. Hapo chembe nyekundu za mgonjwa hujikunja kama mundu, hukakamaa, na kuziba mishipa myembamba ya mapafu. Mishipa ikizibwa, oksijeni hupungua zaidi, na chembe nyingine hujikunja. Tena bandama, ambayo husaidia kupigana na vijidudu, huwa imeharibika tangu utotoni. Hivyo nimonia hupata nafasi. Mafua ya Jumatatu yaweza kuwa hatari ya kifo kabla juma halijaisha.

Mtoto wa Liuli au Mbamba Bay amezoea joto la ziwani, meta 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Akipanda kuja kusoma Mbinga, hukuta baridi kali, na baridi peke yake yaweza kuamsha maumivu ya selimundu. Kumlazimisha aoge maji baridi alfajiri si kumfundisha ushupavu.

Wengine watasema kwamba tukiwahurumia wachache, wavivu wote watajifanya wagonjwa. Sikubali. Kipimajoto hakidanganyiki, na pumzi za haraka huhesabika. Mvivu akitudanganya, tumepoteza kazi ya asubuhi moja. Mgonjwa akidhaniwa mvivu, twaweza kupoteza mtu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi nashauri hivi. Mwenye selimundu apewe maji ya moto na blanketi la ziada, wala asikatazwe kunywa maji darasani. Akipata homa, maumivu ya kifua au kuhema, apelekwe hospitali siku ile ile, hata ikiwa usiku. Sisi wenye mafua tuzibe midomo tukohoapo, tunawe mikono, tusichangie vikombe, na madirisha ya bweni yafunguliwe mchana.

Wazazi nanyi, msifiche ugonjwa huu kwa kuona haya. Mwambieni mwalimu siku ya kwanza mletapo mtoto, ili ajue la kufanya usiku atakapoamshwa.