Ubora wa Benki Simuni Haupimwi kwa Uvumi

Walimu wa sekondari wa Mbeya na Iringa wakutanapo mwisho wa mwezi, mazungumzo yao hayakawii kufika katika suala la mishahara, na kutoka hapo hufika katika suala la benki. Mmoja huisifu CRDB, wa pili huitetea NMB, wa tatu huapa kwamba NBC ndiyo isiyomtia aibu dukani. Kila mmoja ana kisa cha kuthibitisha asemalo. Hata hivyo, kwa mizani ya sayansi, mengi ya visa hivyo hayalinganishi kitu chochote.

Mabishano yenyewe ni mageni. Benki zilipotaifishwa Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, NBC ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya shughuli za benki nchini, na mwananchi hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. CRDB ya leo iliundwa mwaka 1996, na NMB ilizaliwa mwaka 1997 NBC ilipogawanywa. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, na kazi ya kutuma fedha ikahamia mkononi. Uchaguzi ulikuja, kipimo cha kuchagulia hakikuja nao.

Kwanza yapasa kujua ni kitu gani kinachopimwa. Mteja wa Uyole anayebonyeza nyota 150 na kumalizia kwa alama ya reli hatumii intaneti hata kidogo. Ombi lake hupita katika njia ya ishara ya mtandao wa simu, hufika kwa kampuni ya simu, ndipo huingia katika kompyuta za benki. Njia hiyo ni nyembamba: ujumbe mmoja hubeba baiti 160, yaani biti 1,280, na kwa kuwa kila herufi hutumia biti 7, herufi zisizozidi 182 ndizo zinazoweza kuingia. Hii ndiyo sababu orodha za simuni ni fupi na hatua zake ni nyingi. Mwenye simu janja anayefungua programu ya benki hiyo hiyo hupita njia nyingine kabisa, ile ya intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Aliyelinganisha benki mbili siku ile, moja kwa programu na nyingine kwa orodha ya nyota, alipima nyaya za bahari badala ya benki.

Mahali nako kuna neno. Mawimbi ya simu hayapendi vilima, na Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya vilima: Kilolo, Mufindi, Rungwe, miteremko ya Uporoto. Mwalimu aliye bondeni, mbali na mnara, ataona kila benki ni mbaya. Mwenzake wa Mwanjelwa ataona kila benki ni nzuri. Kati ya 2021 na 2023 kulikuwa pia na tozo ya serikali ndani ya makato, na wateja wengi waliitwika benki lawama isiyokuwa yake.

Lakini liko jambo moja ambalo benki haiwezi kulikwepa, nalo ndilo linaloumiza zaidi. Mzazi wa Pawaga anatuma karo, salio linapungua, jibu halirudi. Je, fedha zimefika? Hapa pana fumbo ambalo wanahisabati wa kompyuta wanalijua vizuri: mtumaji asiyepata jibu hawezi kutofautisha ombi lililopotea njiani na jibu lililopotea likirudi. Akituma tena, huenda akalipa mara mbili. Asipotuma, huenda mtoto akarudishwa nyumbani. Dawa inajulikana. Kila ombi lipewe namba yake ya pekee, na kompyuta ya benki ikatae kulitekeleza ombi lenye namba ileile mara ya pili. Kisha yale yaliyokwama yapatanishwe upesi. Kwa hiyo wingi wa vitufe au uzuri wa rangi si kipimo cha maana. Yafaa kuuliza: muamala ukikwama, fedha hurudi baada ya dakika ngapi, au siku ngapi?

Visa vichache navyo hudanganya. Tuseme benki mbili zina udhaifu ulio sawa kabisa, kila moja ikishindwa mara 10 katika 100. Kila moja ikijaribiwa mara 20, uwezekano wa mojawapo kushindwa mara 1 au isishindwe kabisa, huku nyingine ikishindwa mara 3 au zaidi, ni karibu robo. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kulihakiki jambo hili kwa kanuni ya binomia. Mwalimu aliyehama benki kwa tofauti kama hiyo huenda amehamishwa na bahati tu. Wala kuwahoji watu walio katika foleni ya tawi hakusaidii, maana foleni huwakusanya waliopatwa na matatizo, na huwaacha wote waliofanikiwa wakiwa majumbani.

Kazi hii inafaa klabu za sayansi za shule. Walimu wenye akaunti katika benki mbalimbali waulize salio, kila mmoja kwa mkono wake na bila kumwonyesha mwanafunzi namba ya siri. Wafanye hivyo katika uwanja uleule, kwa mtandao uleule wa simu, saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku, kwa mwezi mzima, tarehe za mishahara zikiwamo. Wanafunzi waandike sekunde na kushindwa kote, hata kule kunakoonekana hakuna maana. Shule ya Mafinga na shule ya Tukuyu zikibadilishana majedwali, sehemu ya mnara na sehemu ya benki zitaanza kutengana.

Benki nazo zina hesabu ambazo shule haiwezi kuzipata: miamala mingapi ilikwama, katika wilaya gani, na ilichukua muda gani kurejeshwa. Hesabu hizo zinatoka kwa fedha za wateja, na Benki Kuu, yenye tawi Mbeya, ingefanya jambo la haki kutaka zibandikwe mlangoni mwa kila tawi, kando ya bango la makato.