Chupa nane mezani, bei zimefichwa

Harusi za Desemba huanza kupangwa mapema, na katika kila kamati jambo linalochukua dakika tano tu ni keki, ilhali divai huchukua mikutano mitatu. Sababu ni kwamba keki tunaijua. Divai, au mvinyo kama wengi wetu tunavyoiita, hununuliwa kwa macho: lebo yenye picha ya kasri, chupa nzito, jina lisilotamkika. Kisha siku ya siku wageni wananywa nusu gilasi, wanaiacha chini ya kiti na kuulizia soda.

Kamati moja ya jamaa zangu ilikuwa karibu kuingia mtego huo. Hesabu yenyewe ni hii. Wageni ni 150. Ondoa watoto, madereva, na wale ambao dini au hiari yao haiwaruhusu kugusa kileo. Wakabaki kama 75. Kila mmoja gilasi mbili, jumla 150. Chupa ya mililita 750 inatoa gilasi sita za mililita 125, kwa hivyo zinahitajika chupa 25, na tano za akiba. Mjomba wa bibi harusi alishikilia kwamba zote ziwe za Bordeaux, Ufaransa, ili familia isiaibike. Kwa shilingi 2,900 chupa moja, hizo ni shilingi 87,000. Pesa zilizotengwa zilikuwa 40,000, na zilitokana na michango ya watu ambao baadhi yao bado wanadaiwa karo za shule.

Shangazi yangu, ambaye ndiye mweka hazina, alimwomba mwuzaji wa jumla alete chupa nane za majaribio, tuonje kabla ya kulipa. Zililetwa Alhamisi jioni zikiwa zimechanganywa ndani ya katoni moja: nyeupe mbili, nyekundu tano na moja ya povu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana jambo hili unaweza kulifanya kwako bila utaalamu wowote. Jirani yetu mwalimu, ambaye hatumii kileo kabisa, ndiye aliyepewa kazi ya kufungua na kumimina. Alizifunga chupa zote kwa magazeti ya zamani (ndiyo, haya haya), akazipa namba, na orodha ya bei akaitia mfukoni. Waonjaji tulikuwa wanne: shangazi, mjomba, binamu yangu ambaye ni mhudumu wa hoteli, na mimi. Kila mmoja alikuwa na karatasi, maji, mkate mkavu na ndoo ya kutemea. Usione haya kutema. Waonjaji wa kazi hutema, la sivyo chupa ya nane itasifiwa na watu wasiojua wanasema nini.

Alama zilikuwa 20: rangi tatu, harufu tano, ladha nane, na nne kwa kile kinachobaki kinywani baada ya kumeza.

Kuficha lebo si mchezo wa watoto. Mnamo Mei 24, 1976, mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Steven Spurrier aliwakalisha waamuzi Wafaransa jijini Paris, akawapa divai za Ufaransa na za California bila kuwaonyesha chupa. Ya California ilishika nafasi ya kwanza kwa nyeupe, na nyingine ya huko huko ikashinda kwa nyekundu. Hao walikuwa mabingwa. Sisi wa Buruburu tutajidai nini?

Namba 1 ilikuwa nyeupe ya zabibu aina ya Chenin Blanc kutoka Afrika Kusini, nchi inayoongoza duniani kwa kuilima. Ilinukia tufaha na asali kidogo, ikawa na ukali mwepesi kama wa ndimu iliyokamuliwa juu ya papai. Shangazi aliipa 16, wastani ukawa 15. Bei 1,150. Namba 2, Sauvignon Blanc ya Chile, ilikuwa safi lakini yenye ukali uliomkunja mjomba uso. 12. Ingefaa samaki, kwa keki, hapana.

Namba 3 ndiyo iliyotufunza zaidi. Ilipomiminwa, harufu ilikuwa ya katoni iliyolowa maji na kusahauliwa stoo. Mjomba alisema labda ndivyo divai za zamani zinavyonukia. Binamu aliinusa mara moja tu akaisukuma kando. "Hii imeharibiwa na kizibo," alisema. Kuna kemikali iitwayo TCA ambayo hutokea pale ukungu unapokutana na klorini kwenye gome linalotengenezewa vizibo. Haitakuumiza, lakini inaua harufu yote ya matunda. Ilikuwa Pinotage, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold, na kwa kawaida ina sifa nzuri. Hatukuipa alama. Kesho yake mwuzaji aliibadilisha bila ubishi, na mpya ikapata 13. Wengi wetu hunywa chupa kama hiyo kwa adabu hadi mwisho, tukidhani kasoro ni ya ulimi wetu. Rudisha, msomaji. Umelipa.

Namba 4 na namba 6 ndizo zilizoleta kelele. Namba 4 mjomba aliipa 16, akasema kwa sauti kwamba Mfaransa amewasili. Namba 6 aliipa 8: inakaza ulimi, alisema, kama chai ya rangi iliyochemka hadi ikasahaulika. Mwalimu alipozifungua, namba 4 ilikuwa Cabernet Sauvignon ya Chile ya shilingi 1,400, na namba 6 ndiyo Bordeaux yenyewe. Kulikuwa na kimya, kisha shangazi akacheka hadi akafuta macho.

Lakini tusimwonee Mfaransa. Bordeaux ni jina la eneo, si cheti cha ubora. Humo mna divai za wafalme na za kawaida kabisa. Kile kinachokaza ulimi ni tanini, itokayo kwenye maganda na mbegu za zabibu, na hulainika ikikutana na mafuta na chumvi ya nyama. Tuliiacha wazi saa nzima, tukaionja tena na mbuzi wa kuchoma, ikapanda kutoka 9 hadi 13. Tatizo ni kwamba harusi hii ni ya saa tisa alasiri, watu wamesimama, mkononi wana keki na sambusa. Mjomba aliafiki, akasema atanunua mbili kwa pesa zake kwa ajili ya meza ya wazee, watakaoletewa mbuzi. Hapo kamati haikuwa na la kusema.

Namba 5 ilikuwa nyekundu tamu ya Afrika Kusini, shilingi 950. Mimi niliipa 10, maana inakaribia kuwa sharubati. Shangazi aliipa 15, akaniambia, "Mwanangu, wewe unaandikia gazeti, mimi nalisha wageni." Ana haki. Wengi katika karamu zetu wanapenda utamu, na mwenyeji hana sababu ya kuwasahihisha.

Namba 7 ilitoka Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nyekundu, kavu, yenye moshi kidogo. 12, nami ningeipeleka kwa nyama choma bila kusita. Namba 8, ya povu kutoka Italia, ilipata 14, lakini usiiite shampeni, kwani jina hilo ni la eneo la Champagne peke yake. Kuifungua, shika kizibo imara na uzungushe chupa, usiielekeze kwa mtu.

Agizo la kamati likawa Chenin Blanc 12, Cabernet ya Chile 10 na tamu nane. Jumla shilingi 35,400.

Kabla hujafunga orodha yako, kagua stempu ya ushuru kwenye kila chupa, na uwakumbushe wahudumu kwamba aliye chini ya miaka 18 hapewi, hata akiwa mrefu kuliko bwana harusi. Nyeupe iwe kwenye barafu saa moja au mbili kabla. Nyekundu nayo, ndani ya hema lenye joto la adhuhuri, inahitaji dakika 20 za friji, maana ikipata moto kileo ndicho kinachonukia peke yake. Chupa iliyofunguliwa na kubaki, ifunge vizuri uiweke kwenye friji. Itakaa siku tatu hivi. Ikipita hapo, imwage kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe, pamoja na kitunguu na karoti, na uiache ichemke polepole.