FAIDA YAKO ITOKE MIKONONI MWAKO, SI KATIKA KUTOJUA KWA MJANE



Leo tuzungumze kuhusu magari ya zamani. Usipite ujumbe huu ukidhani ni wa makanika peke yao. Kama umewahi kununua ng'ombe, kipande cha shamba au hata cherehani kwa mtu asiyejua thamani yake, neno hili ni lako pia.

Kuna vijana waliookoka ambao wameingia katika biashara hii. Wanazunguka Nyeri, Nakuru, Kitale na Machakos wakitafuta magari ya spoti ya miaka ya 1960 na 1970 yaliyoachwa chini ya miti au nyuma ya ghala. Wananunua, wanayabeba kwa lori, wanayatengeneza kwa miezi mingi, kisha wanauza. Ni biashara ndogo ya watu wawili au watatu, gereji ya mabati, na simu ya kutafutia spea.

Niseme wazi kwanza: mimi sioni dhambi katika kazi hii. Wapo wapendwa wanaosema ni mambo ya dunia. Mimi nikisoma Kutoka 31 namwona Mungu akimjaza Bezaleli Roho yake, ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Mungu haoni aibu juu ya mikono yenye grisi. Kijana anayechukua chuma kilicholala miaka ishirini akakifanya kingurume tena, huyo namwombea baraka. Afadhali yeye kuliko yule anayekesha akibeti.

Swali langu ni moja tu. Faida yako inatoka wapi?

Tuchukue gari moja tulitumie kama mfano. Datsun 240Z. Wazee wetu wanalijua vizuri. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ni ya silinda sita, lita 2.4, na kabureta mbili. Leo wapenzi wa magari wanalitafuta Japani, Marekani, Uingereza na hapa kwetu. Na kwa kuwa kanuni zetu za kuagiza magari kwa kawaida haziruhusu gari lililozidi miaka 8, huwezi kuagiza moja kuukuu nje na kulishusha Mombasa. Inabidi utafute lile ambalo tayari liko nchini.

Na mara nyingi liko wapi? Liko kwa mjane.

Mzee alilinunua akiwa kazini. Siku kabureta ilipokataa, akaliegesha chini ya mparachichi akisema atalitengeneza. Hakulitengeneza. Sasa amelala, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mama anaona takataka iliyomnyima nafasi ya kupanda sukuma wiki. Wewe unaona mamilioni.

Ndipo unapofungua mdomo: "Mama, hiki ni chuma chakavu tu. Wacha nikusaidie kukiondoa. Shika elfu thelathini." Na mama anakushukuru! Anakupikia chai! Anakuombea safari njema!

Mpendwa, Mithali 20:14 ilimjua mnunuzi huyu kabla Datsun ya kwanza haijaundwa. Inamwonyesha mtu anayekidharau kitu mbele ya mwenye kitu, halafu akishaondoka anajipongeza njiani. Walawi 25:14 inakataza watu wa Mungu kupunjana wanapouza na wanaponunua. Tuna mahubiri mengi kuhusu muuzaji mwenye mizani ya uongo. Mnunuzi mwenye ulimi wa uongo hatumgusi sana. Lakini Neno limetaja pande zote mbili.

Najua utanijibu. "Mchungaji, lakini yule mtu wa Mathayo 13:44 aliona hazina shambani, akanyamaza, akaenda kununua shamba." Umesoma vizuri, lakini soma tena. Yule mtu aliuza vyote alivyokuwa navyo ili alipate lile shamba. Hakumwambia mwenye shamba kwamba udongo ni mbaya ili bei ishuke. Tena Bwana alikuwa akitufundisha thamani ya Ufalme. Hakuwa akitufundisha namna ya kununua gari kwa mjane.

Ukitaka mfano wa kununua, nenda Mwanzo 23. Ibrahimu amefiwa na Sara na anatafuta kaburi. Efroni anamwambia chukua tu. Ibrahimu anakataa. Anapima shekeli 400 za fedha kwa kipimo cha wafanyabiashara, hadharani, watu wa mji wakiwa mashahidi. Nenda pia 2 Samweli 24. Arauna anataka kumpa Daudi uwanja na ng'ombe bure, na Daudi analipa shekeli 50. Hawa walipewa nafasi ya kuchukua bure wakaamua kulipa. Wewe mama hajakupa bure, umemdanganya.

"Lakini Mchungaji, nikimwambia ukweli ataitisha pesa za gari lililokamilika, nami nitakosa kitu." Hiyo ni hofu ya kweli, na mtu anayefanya biashara lazima ahesabu. Basi tuhesabu. Hizi si bei za sokoni, ni mfano tu.

Tuseme gari likikamilika litauzwa shilingi 2,500,000. Kulibeba kwa lori hadi gereji ni 60,000. Bodi na rangi, 500,000. Injini na gia, 350,000. Spea za kuagiza nje, 400,000. Viti, waya na taa, 190,000. Jumla ni 1,500,000. Imebaki milioni moja. Ukimlipa mama 400,000, wewe unabaki na 600,000. Au kama huna hela sasa, mpe 200,000 leo na 250,000 gari likiuzwa, kwa maandishi, mtoto wake mkubwa akiwa shahidi.

Mwekee karatasi hiyo mezani. Mwambie, "Mama, gari hili ni la thamani, lakini limekufa. Kulifufua kunagharimu hivi, na linaweza kunishinda." Akina mama wetu wameendesha shamba, chama na karo za shule. Wanaelewa hesabu kuliko unavyodhani. Na akikataa, basi amekataa. Gari ni lake.

Mimi sisemi usipate faida. Faida yako ni halali kabisa, kwa sababu kazi ni ngumu. Wewe ndiwe unayejua kwamba gari lililokaa miaka ishirini halivutwi kwa kamba, maana breki zimeshikana na matairi yameoza, hivyo linapandishwa kwa winchi juu ya lori. Wewe ndiwe unayejua kwamba huwashi injini papo hapo, bali unamwaga petroli ya kale iliyogeuka gundi, unatia oili kidogo kwenye silinda, unaizungusha kwa mkono polepole. Ukikosea utavunja ringi za pistoni na pesa zako zitakuwa zimekwenda. Ujuzi huo ulipwe. Jasho hilo lilipwe. Hasara unayoweza kupata nayo ihesabiwe. Lakini uongo wako haustahili mshahara.

Sasa jambo la sheria, maana wengi wanaanguka hapa. Gari hilo liko katika jina la nani? La marehemu. Mama hawezi kukuuzia kwa kusaini karatasi ya daftari. Familia inahitaji barua ya chifu, kisha mahakama iwape usimamizi wa mirathi na kuuthibitisha, ndipo logibuku ihamishwe NTSA. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inafanya kuwa kosa kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hiyo ukimharakisha mama leo, unamwingiza kwenye kosa, na kesho mtoto aliyeko ng'ambo anarudi kudai gari la baba. Msaidie kwanza kufuata utaratibu. Ukichelewa miezi michache, gari lililongoja miaka ishirini litakungoja.

Na ukija kuuza, kanuni ni ile ile. Sasa wewe ndiwe unayejua, na mnunuzi ndiye asiyejua. Magari haya yanaliwa na kutu chini ya betri, kwenye sakafu, na kwenye reli za chini. Fundi mzuri anakata kile kilichooza na kuchomelea bati jipya. Fundi wa haraka anajaza fila, anapiga msasa, anapaka rangi nyekundu inayong'aa. Ukiweka sumaku juu ya fila nene, haishiki. Yesu alisema nini katika Mathayo 23 kuhusu makaburi yaliyopakwa chokaa? Mpendwa, mtu ataendesha gari hilo na watoto wake ndani, na sakafu ni kutu iliyofunikwa.

Usibadilishe pia kibao cha nambari ya chasisi ili gari la aina nyingine liitwe 240Z. La usukani wa kulia huanza na HS30, na wanaojua wataangalia. Wala usitunge hadithi kwamba gari hili lilikimbia Safari, eti kwa sababu umelibandika namba mlangoni. Kama huna ushahidi, sema huna.

Kwa wajane na wazee wanaosoma ujumbe huu: mtu akija na haraka na noti mkononi, mwambie arudi wiki ijayo. Piga picha za gari na za kile kibao chenye nambari. Mtumie kijana wako, uliza makanika wawili wasiojuana. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika ukiuliza.

Na kwa ndugu yangu ambaye tayari umenunua kwa njia hiyo, na gari limeuzwa, na kiasi umetoa fungu la kumi: mimi kama mchungaji sitaki kapu la kanisa libebe pesa ya mjane aliyedanganywa. Zakayo hakuleta sadaka kwanza. Katika Luka 19 alisimama akaahidi kuwarudishia wale aliowanyang'anya, mara nne. Wewe unajua boma lile. Unajua njia ya kufika. Chukua gari wiki hii, urudi kwa mama yule, umwambie ukweli na umpe haki yake. Ukimaliza hapo, njoo madhabahuni na sadaka yako. Tutaipokea kwa furaha.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa kazi za mikono ya vijana wetu. Wape ujuzi, wape soko, wape wateja. Linda ndimi zao wanaponunua na wanapouza. Walinde wajane na wazee wetu dhidi ya maneno matamu. Na yeyote anayepaswa kurudisha, mpe ujasiri wa kurudisha. Katika jina la Yesu Kristo.

Kama umeomba pamoja nami, andika AMINA. Kisha mtumie ujumbe huu kijana mmoja wa gereji na mama mmoja mwenye gari chini ya mti.

Barikiwa sana. Tuonane Jumapili.
Mchungaji wako.