Msimlaumu Bibi Harusi wa Makole kwa Asumini Zilizokufa



Leo nasema na masomo, mashangazi, mawifi, na sisi mashoga tunaofunga mizigo ya bibi harusi. Mabinti wetu wengi siku hizi wanaolewa Dodoma, wanapelekwa Makole na mitaa ya jirani. Tunawafungia kanga, udi, chetezo, kisha tunawabebesha na vikopo vinne vya miche ya mwasumini na mrehani, ati nyumba inukie kwao. Ikifika Agosti vyote vimekauka. Mgeni anasimama kibarazani, anatazama, anasema: "Huyu mkono wake hauoteshi."

Neno hilo ni dhuluma.

Unguja hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, masika na vuli. Dodoma hupata takriban milimita 570, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi miezi kwa miezi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo mrehani wa pwani haujaizoea. Kikopo kidogo juani kinakauka kwa siku moja. Hapo kosa la bibi harusi liko wapi?

Na maji je? Siku ya mgao dumu moja lina kazi nyingi: kupika, kuoga, kutawadha. Tumefundishwa tusifanye israfu ya maji hata kwenye udhu, halafu tunamtwika binti maua yanayotaka maji asubuhi na jioni ili tu sisi tupendezwe tukimtembelea!

Msiniambie basi anunue ya plastiki. Kwa vumbi la Dodoma, hayo nayo yanataka kuoshwa kila wiki.

Mpeni mimea ya kudumu inayolingana na nchi anayokwenda. Mshubiri hukaa miaka, na majani yake yana kazi nyumbani. Katani za maua, zile zenye majani yaliyosimama kama panga, hustahimili jua, kivuli na kusahauliwa. Wazungu huziita ulimi wa mama mkwe. Bibi harusi acheke kimoyomoyo. Bogenvilia ikiwekwa kwenye chombo kikubwa huchanua vizuri zaidi udongo ukikauka kidogo kati ya kumwagilia. Waridi la jangwani huota lenyewe katika sehemu kavu za Tanzania. Wakati wa baridi hupukutisha majani, lakini halijafa, msiling'oe. Utomvu wake ni sumu, Wahadzabe huupaka kwenye mishale, kwa hiyo liwekwe mbali na watoto.

Chombo nacho kina maana. Ndoo kuukuu ya lita 20 inafaa kuliko vikopo vinne vya kupendeza, kwa sababu udongo mwingi hukawia kukauka. Itobolewe chini. Udongo uchanganywe na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole: kukiwa na unyevu, acha. Mshubiri na katani hufa zaidi kwa kuoza mizizi kuliko kwa kiu, hasa miezi ya baridi.

Na asumini? Sisemi ziachwe. Harufu ya kwao ina haki yake, na binti aliye mbali na mama yake anaihitaji. Lakini uwe mti mmoja, katika chombo kikubwa, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na unyweshwe maji ya udhu yaliyokingwa kwenye beseni, au yaliyooshea mchele. Mmoja ataumudu. Vinne ni mzigo.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mmea ukiliwa na mtu, ndege au mnyama, aliyeupanda ana sadaka. Tunapompa binti mmea, basi tumpe utakaoishi. Na ukienda kumtembelea ukakuta kimoja kimekauka, shika kata umsaidie kumwagilia vilivyobaki. Maneno ya mkono mbaya yaachwe hukohuko mlangoni.

Wabillahi tawfiq.