Tazameni migongo ya mabinti kabla hawajavunja ungo

Nashona sare za shule hapa Kwaluguru, wilayani Handeni, kwa hiyo migongo ya watoto naiona kwa karibu. Zipo sketi ninazozikata sawasawa, lakini binti akivaa pindo linashuka upande mmoja, na bega moja liko juu. Nikimwambia mama yake, jibu huja upesi: ni ndoo za maji. Wengine hulaumu begi la madaftari, na wapo wanaonong'ona kuwa mtoto amechezewa.

Jamani, ndoo haipindi uti wa mgongo. Kati ya vijana 100, wawili au watatu wana mgongo uliopinda zaidi ya nyuzi 10, na kwa wengi wao chanzo kimoja hakijapatikana. Kinachojulikana ni kwamba hali hii hutembea katika ukoo. Homoni nazo zinachunguzwa: kuku waliotolewa tezi inayotengeneza melatonini walipinda mgongo, ila kwa binadamu vipimo havikukubaliana. Mpindo mdogo huwapata wavulana na wasichana karibu sawa. Ule wa kuvuka nyuzi 30 huwaandama zaidi wasichana, na huongezeka kwa kasi pale mtoto anaporefuka haraka. Kwa msichana, kurefuka huko hufika kilele miezi kadhaa kabla ya kuvunja ungo.

Na hapa ndipo mila yetu inapochelewa. Sisi Wazigua humkabidhi binti kwa kungwi akishakuwa mwali. Wakati huo mfupa umekwisha kukimbia.

Mama, bibi, shangazi, msingoje. Matiti yakianza kuchomoza, mwambie asimame miguu pamoja, magoti yamenyooka, ainame viganja vikiwa vimekutana. Simama nyuma yake utazame kama mbavu za upande mmoja zimeinuka. Kipimo hiki, anachohusishwa nacho daktari William Adams wa London tangu 1865, hakihitaji hata shilingi. Ukiona zimeinuka, mpeleke hospitali mapema, kwa kuwa mkanda maalumu wa mgongo hufaa mifupa ingali inakua tu. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa 2013 ulionyesha kuwa waliomaliza kukua mifupa bila kufikia nyuzi 50 ni 72 kati ya 100 waliovaa mkanda, na 48 kati ya 100 wasiovaa. Akichelewa, kinachobaki kinaweza kuwa upasuaji, kama ule wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Wauguzi huwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2024 waliwachanja wa miaka 9 hadi 14. Ndio umri wenyewe wa kurefuka haraka. Halmashauri za Handeni na Korogwe ziwaagize wauguzi wawainamishe watoto hao siku hiyohiyo ya chanjo.