Miaka 20 Wodini Haitoshi

Mwandishi aliyedai kuwa muuguzi mwenye miaka 20 wodini hana cha kuongezewa na mafunzo kazini amechanganya kuzoea na kujua. Mchukue mtu mzima aliyeletwa akiwa na sepsisi, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, presha imeshuka. Wengi walifundishwa kumfungulia dripu za haraka, na miongozo ilikubali. Kisha ukaja utafiti wa Lusaka, uliochapishwa 2017, kwa wagonjwa wa aina hiyo, wengi wao wakiishi na VVU. Waliowekwa kwenye mpango wa maji mengi mapema, pamoja na dawa za kupandisha presha, walifia hospitalini asilimia 48. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33. Mzoefu wa zamu ya usiku angelijuaje hilo kwa uzoefu wake? Yeye huona mmoja mmoja, na anayefariki husemwa alichelewa kuletwa.

Semina za hotelini, za kusaini daftari na kungoja posho, namwachia mwandishi huyo azifute. Hata mimi sizililii. Ila asitufutie mazoezi ya kando ya kitanda, wala asitake leseni ihuishwe kwa kuhesabu miaka ya utumishi.